Mshono wa Begi na Mkono Ulioushona

Fedha ya korosho huingia mikononi mwa wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa kati ya Oktoba na Januari, wakati minada ya vyama vikuu vya ushirika imeshika kasi, na sehemu ya fedha hiyo huishia madukani shule zinapokaribia kufunguliwa. Sare, madaftari, viatu na begi la mgongoni hununuliwa kwa siku moja, mara nyingi kwenye meza moja, na mzazi mwenye watoto watatu hapati nafasi ya kuligeuza begi nje ndani akalitazama. Ikifika Mei, mvua zikiwa zinaishia, mengi ya mabegi hayo yamechomoka mkanda au zipu imeachia, na mtoto anabeba kaunta buku zake kwenye mfuko mbadala uliofungwa fundo. Wakati huo fedha ya korosho imekwisha, na begi la pili hununuliwa kwa mkopo au halinunuliwi kabisa.

Lawama huangukia kwa mtoto. Husemwa kwamba ameliburuza begi, amelikalia, amelifanya nguzo ya goli, na pengine kweli amefanya hayo yote. Lakini begi la mwanafunzi anayetembea kilomita tatu kila asubuhi lilitengenezwa kwa kazi hiyo, na kama haliiwezi, basi kosa lilikuwamo tangu siku kitambaa kilipokatwa. Hoja yangu ni kwamba maswali mawili ambayo kwa kawaida huulizwa mbalimbali, lile la uimara wa begi na lile la haki ya aliyelishona, yana jibu mahali pamoja, nalo ni dakika ambazo mshonaji aliruhusiwa kukaa na mshono wake.

Nililijua hili kwa hasara. Miaka michache iliyopita nilinunua begi jeusi lenye nembo maarufu katika duka moja la mjini kwa shilingi 45,000, nikiamini kwamba bei hiyo ilikuwa dhamana ya kutosha. Mwezi wa nne wa matumizi, nikishuka kwenye basi njia panda ya Mnazi Mmoja, mkanda wa kulia ulichomoka juu kabisa na kompyuta mpakato yangu ikaangukia lami. Muuzaji alinionyesha maandishi ya kwenye risiti yaliyosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Aliyenisaidia ni fundi viatu, ambaye alilipindua begi, akavuta kitambaa kwa mikono yote miwili na kuniambia, "Mwalimu, kitambaa hiki hakina kosa. Tazama hapa: ncha ya mkanda imeingia kwenye mshono kwa sentimita moja tu, ikapigwa cherehani mara moja, basi." Uzi ulikuwa umeteleza wenyewe, wala hapakuwa na mchaniko wowote.

Mkanda wa begi unapaswa kuingia ndani ya mshono kwa sentimita tatu au nne, kisha ushikizwe kwa mshono wa zigizagi uliobanana, au kwa mraba wenye mistari miwili inayokatana katikati, na nyuma yake kuwekwe kipande cha ziada cha kitambaa ili uzito usivute uzi peke yake. Kingo za ndani nazo zinapaswa kufunikwa kwa utepe ulioshonewa, kwa sababu kitambaa cha plastiki kilichokatwa na kuachwa wazi hufumuka kidogo kidogo mpaka kimeufikia mshono. Hakuna lolote katika haya linalohitaji mtambo wa ajabu wala malighafi ya gharama kubwa; kinachohitajika ni muda. Katika viwanda vingi vya nguo na mabegi mshonaji hulipwa kwa kipande, au huwekewa idadi anayopaswa kuifikisha kila saa, naye hushona sehemu moja tu, mikanda au zipu au mfuko wa mbele, kisha kazi hupita kwa mwenzake. Lengo likipandishwa au malipo ya kipande yakishushwa, kitu pekee ambacho mshonaji anaweza kukipunguza ni ule mshono wa kurudia ambao mnunuzi hauoni. Siwezi kudai kwamba kila mshono imara umelipiwa vizuri, maana watu hushurutishwa kushona vizuri pia. Ninachodai ni kwamba mshono dhaifu kwenye begi lenye kitambaa kizuri ni dalili ya wazi kwamba mtu fulani aliharakishwa.

Kwa hiyo mtu anayechagua begi na aanze kwa kuligeuza. Ahesabu mishono katika inchi moja ya mahali penye mzigo: saba hadi kumi inatosha, chini ya hapo uzi huachia, na ikizidi mno sindano huwa imetoboa kitambaa kama karatasi ya stempu. Avute mkanda kwa nguvu huku akitazama kama matundu ya sindano yanapanuka. Muuzaji atakayekasirika kwa hilo amekwisha kujibu swali.

Kitambaa huja baada ya hapo, nacho kwa sisi wa pwani ya kusini kina mambo yake. Unene wa nyuzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, hivyo uzi wa denia 600 ni ule ambao mita 9,000 zake zina gramu 600. Poliesta ya denia 600 ndiyo inayoonekana zaidi kwenye mabegi ya bei ya kati. Nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta, lakini jua kali huidhoofisha haraka zaidi, jambo ambalo wavuvi wa Msimbati na Mikindani hawahitaji kuelezwa kwa sababu wanaliona kwenye nyavu zao. Begi la nailoni linalokaushwa juu ya bati kila Jumamosi litazeeka kabla ya wakati wake, lianikwe kivulini.

Kuna adui mwingine ambaye mara chache hutajwa. Mabegi mengi yasiyopitisha maji yamepakwa upande wa ndani utando mwembamba wa poliurethani, ambayo ni aina ya plastiki. Joto na unyevu huuvunja utando huo taratibu, kwanza unanata, halafu unatoa harufu ya chachu, mwisho unabanduka kama magamba na kuchafua daftari. Mji kama Lindi au Mtwara, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima, huharakisha mchakato huo hata kwa begi ambalo halijatumika, lililokaa tu stoo. Ndiyo sababu begi linalosifiwa kwa kudumu miaka ishirini huko kwenye baridi kavu linaweza kutufia hapa kwa miaka mitano bila mtu yeyote kusema uongo. Anayenunua begi, hasa la mtumba, aingize mkono ndani na kubonyeza: kiganja kikinata, aliache hata kama nje linang'aa.

Zipu ndiyo sehemu inayokufa mapema kuliko zote. Zipu za chuma huliwa na chumvi ya bahari, na zile za nailoni zenye meno madogo huingiwa na vumbi jekundu la uwanda wa Makonde, ambalo husaga kichwa cha zipu kutoka ndani mpaka kinashindwa kuyabana meno. Namba ya zipu, kama 5, 8 au 10, hulingana takriban na upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita, na begi la kila siku linalobeba vitabu linahitaji walau namba 8 kwenye mdomo mkubwa. Kampuni ya YKK ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, imejijengea jina kwa zipu zinazodumu, na kwa sababu hiyo hiyo herufi zake hugongwa hata kwenye zipu zisizo zake. Herufi pekee si ushahidi. Jambo la kuangalia zaidi ni kama zipu imeshonwa kwa namna ambayo fundi anaweza kuing'oa na kuweka nyingine bila kulibomoa begi zima. Kichwa cha zipu kilicholegea hubanwa kwa koleo au hubadilishwa kwa fedha kidogo; zipu iliyozikwa ndani ya bitana iliyogundishwa kwa gundi ni kifo cha begi.

Nageukia sasa haki ya aliyeshona, ambako maneno mazuri ni mengi kuliko vitendo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wakiwa washonaji ambao siku moja kabla walikuwa wameziona nyufa na bado wakaamriwa kurudi kazini. Miezi saba nyuma, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa, na kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kinachohusu haki na usalama wa wafanyakazi, wiki chache tu kabla ya moto. Viwanda hivyo vilishona nguo, si mabegi, lakini mtindo wa biashara ni mmoja: mwenye nembo yuko bara moja, mwenye kiwanda bara jingine, na cheti husafiri kati yao. Kwa hiyo ninapoona alama ya uadilifu kwenye begi, siidharau, ila siipi uzito wa kunifanya niache kuuliza.

Swali ninaloliamini zaidi ni jepesi: je, mwenye begi hili anataja kiwanda lilikoshonwa? Baada ya Rana Plaza, kampuni nyingi za nguo zilitia saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto nchini Bangladesh, yaliyokuwa na nguvu ya kisheria, na taarifa za ukaguzi wa kila kiwanda zikawekwa hadharani. Faida ya kutaja kiwanda ni kwamba chama cha wafanyakazi, mwandishi wa habari au mkaguzi anajua mlango wa kugonga. Kampuni inayoandika tu kwamba inawathamini watu wake, bila kusema watu hao wako wapi, imetoa sifa ambayo hakuna anayeweza kuikagua.

Lindi yenyewe ina kumbukumbu ya mzigo usiotajwa mbebaji wake. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mabaki ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, yalichimbwa Tendaguru na kubebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi, yakavushwa hadi Berlin ambako mifupa ya mmoja wao imesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Anayesimama mbele ya kiunzi kile huyaona majina ya wataalamu kwa urahisi kuliko ya wale waliobeba. Begi lisilo na jina la kiwanda linatuweka katika mazoea hayo hayo, ya kupokea kazi ya mkono na kuusahau mkono.

Hata hivyo, ni lazima nikiri kwamba kipimo hicho cha kutaja kiwanda hakimfai mnunuzi wa kawaida wa Mtwara. Mabegi yaliyotandazwa kwenye meza za Soko Kuu mengi yamepitia Kariakoo, hayana jina la mtengenezaji, na yale yenye jina mara nyingi yamelivaa jina la mtu mwingine. Begi bandia lina kasoro ya pekee kimaadili: hata likiwa limeshonwa vizuri, hakuna popote ambapo mtu anaweza kuwajibishwa kwa ajili yake, si kwa ubora wala kwa ujira. Kwa upande mwingine, zipo kampuni za nje zinazotoa dhamana ya miaka 30, nyingine ya maisha ya begi, na dhamana hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeweza kulirudisha begi kwa posta. Kwetu gharama ya kulirudisha inaweza kulipita begi lenyewe, hivyo dhamana haivuki Daraja la Mkapa la Mto Rufiji kuja huku kusini.

Njia ya kwanza iliyobaki ni mtumba. Begi la mtumba lililotumika miaka kumi na bado mikanda yake imeshika limekwisha kufanya mtihani ambao begi jipya halijaufanya, na kulinunua hakuongezi oda mpya kwa kiwanda kinachowaminya watu. Najua hoja dhidi ya mitumba, na ninaiheshimu: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuondokana na nguo na viatu vilivyotumika ili viwanda vya hapa vipate soko, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, na ni Rwanda iliyoshikilia msimamo hadi ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Lakini begi ninalolizungumzia halishindani na kiwanda chochote cha mabegi kilichopo Mtwara. Linashindana na lile la miezi mitano. Kasoro ya mtumba ni uchache. Katika belo zima mabegi mazuri ni machache, na shule yenye wanafunzi 600 haiwezi kuvishwa mabegi kwa bahati ya mfungua belo.

Njia ya pili ndiyo ninayoitilia mkazo, yaani fundi wa hapa. Simaanishi fundi nguo, kwa sababu cherehani ya nguo haiwezi kupenya tabaka nne za kitambaa kizito bila kuruka mishono au kuvunja sindano. Namaanisha fundi wa viti vya bodaboda na bajaji, na wa maturubai ya malori yanayopeleka korosho bandarini. Huyo ana cherehani nzito, anao uzi wa nailoni, na kazi yake hupimwa na jua, chumvi na mvua kila siku bila yeye kuomba. Mwaka jana nilimwagiza mmoja wa Mikindani begi la turubai. Vifaa, yaani turubai, sponji, zipu mbili, mikanda na uzi, vilinigharimu shilingi 27,000, na kazi yake 28,000. Aliifanya kwa siku moja na nusu. Begi ni zito kuliko la dukani, na mgongo hutoka jasho kwa sababu turubai la plastiki halipumui, kasoro ambayo ameipunguza kwa kushonea kitambaa cha pamba upande wa mgongoni. Limepita masika nzima ya mvua na mshono mmoja tu umerudiwa, bila malipo, nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri.

Nisije nikaeleweka kwamba kilicho cha nyumbani ni cha haki kwa sababu tu ni cha nyumbani. Turubai lenyewe halikufumwa Mikindani, na yaliyotendeka huko lilikofumwa siyaoni. Tena kwenye vibanda vingi kuna kijana anayejifunza kazi, na kijana huyo anaweza kushinda mchana kutwa kwa mwaka mzima akilipwa chakula tu, wakati yeye ndiye anayekata, anayetoboa na anayefagia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14 na inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini kibanda cha pembeni mwa barabara si mahali ambapo mkaguzi hupita mara kwa mara. Tofauti kubwa kati ya kibanda hicho na kiwanda cha ng'ambo ni kwamba hapa naweza kuuliza. Nilimuuliza fundi wangu kijana wake anapata nini katika ile 28,000. Alinyamaza kidogo, kisha akasema 6,000, na kwamba zamani alikuwa hampi chochote kwenye kazi ndogo. Nilipochukua begi, kijana mwenyewe alinihakikishia. Hakuna cheti nilichowahi kukiona kwenye begi lolote kilichonipa habari kamili namna hiyo. Vyuo vya ufundi vya VETA vya Mtwara na Lindi vinafundisha ushonaji, na ningependa kuona begi la mgongoni likiingia katika mazoezi yake, kwa kuwa kijana mwenye cheti cha ufundi ana nguvu zaidi ya kutaja bei ya mkono wake.

Bei ndiyo kizuizi, na haifai kuipuuza. Mzazi anayenunua begi la shilingi 15,000 kila baada ya miezi mitano atakuwa amenunua mabegi matano na kutumia 75,000 ndani ya miaka miwili, wakati begi la 55,000 bado liko mgongoni. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini hesabu hiyo hailishi nyumba ambayo Januari inadaiwa sare tatu, viatu jozi tatu na michango. Hakuna mzazi anayechagua begi dhaifu kwa ujinga. Analichagua kwa sababu 15,000 ndiyo iliyobaki mfukoni saa hiyo. Kwa hiyo jambo la kubadilishwa ni saa yenyewe ya kununua. Malipo ya minada ya kwanza hutoka wiki nyingi kabla ya shule kufunguliwa, na mzazi aliyetanguliza fedha ya turubai wakati huo anaweza kulipia kazi polepole mpaka Desemba. Kamati ya shule, au kikundi cha kuweka na kukopa, inaweza kukusanya oda za wazazi thelathini au arobaini, kukubaliana na fundi juu ya ukubwa mmoja na zipu za namba moja, kununua turubai kwa jora badala ya mita, na kuandika katika makubaliano hayo kwamba mshono ukiachia ndani ya mwaka fundi ataurudia, na kwamba kijana wake atalipwa kiasi kilichotajwa.

Nilimpelekea fundi wangu wazo hilo mwezi Agosti. Alipiga hesabu kwa vidole, akitoa siku za viti vya bodaboda ambazo hawezi kuziacha, akasema kwamba kuanzia katikati ya Oktoba hadi Krismasi anaweza kumaliza mabegi manne kila wiki, arobaini kwa jumla, na kwamba akipata oda ya kiasi hicho atatafuta kijana wa pili. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba turubai liwe limelipiwa kabla ya mnada wa tatu, kwa sababu baada ya hapo malori huanza kupanga foleni kwenye kibanda chake.